Tasa Mpaka Mwisho

Adhis alikuwa na habari, na Adhis akiwa na habari ni kama maziwa kwa jiko: geuza macho kidogo tu, imemwagika mpaka kwa sakafu.

Habari yenyewe aliipata Ijumaa, kwa mtu wa fotokopi pale Ayany. Dada yake Trizah alikuwa amemtuma akatoe kopi ya cheti cha kuzaliwa, maanake Trizah alikuwa anaolewa na kanisa lilitaka makaratasi. Mashine ikameza cheti, ikatema kopi, Adhis akaangalia ile namba iko juu kwa kona, akapiga nduru mpaka mwenye mashine akakimbia kuzima stima, akidhani mtu amerushwa.

73939133.

Wewe na mimi tungeona namba tu. Lakini Adhis alikuwa mwaka wa pili kwa chuo cha walimu, anasomea Hesabu na Kiswahili, mchanganyiko ambao hata mkuu wa chuo alimuuliza kama alijaza fomu akiwa na homa. Na hii namba alikuwa anaijua. Mwalimu wao aliiandika ubaoni siku moja, akarudi nyuma akaiangalia kama mtu amezaa. Haigawanyiki na kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe. Hiyo peke yake si maajabu, namba za hivyo ni nyingi kama siafu. Lakini hii, ukikata ile tatu ya mwisho, inayobaki pia haigawanyiki. Kata tena, haigawanyiki. Kata, kata, kata, mpaka ubaki na saba imesimama peke yake, na saba pia haigawanyiki. Namba za tabia hiyo ziko themanini na tatu tu, na kubwa kuliko zote ndiyo hii. Ukiipita, hakuna ingine. Na hiyo kubwa ya mwisho ilikuwa imekaa miaka ishirini na sita kwa cheti cha Trizah, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaani Kisumu Ndogo, ndani ya karatasi ya nailoni, pamoja na kadi ya chanjo.

Alifika nyumbani anahema. Trizah alikuwa anapepeta omena.

"Trizah! Unajua wewe ni nani?"

"Cheti iko wapi?"

"Namba yako, Trizah! Ile ya juu! Ni ile kubwa kabisa, ati ukikata—"

"Sawa. Cheti iko wapi? Usiniambie umeiangusha kwa mtaro."

Hiyo "sawa" ilimkwama Adhis kwa koo siku mbili. Namba kama hiyo, na mtu anasema "sawa," kama ameambiwa sukari imepatikana. Kwa hivyo mkisikia yaliyotokea Jumapili, msimlaumu Adhis peke yake. Alikuwa amebeba mzigo na hakuna mtu alikuwa amempokea.

Jumapili ndiyo watu wa Dedan walikuja Kisumu Ndogo kujua nyumbani kwa bibi harusi. Walikuja wawili. Kwanza Dedan mwenyewe, fundi wa stima, kijana mpole wa kutafuna neno mara mbili kabla hajalitoa. Mwaka uliopita alikuja kuweka waya kwa kanisa lililo ukuta mmoja na kina Trizah, kazi ya siku tatu akaifanya wiki tatu, kila saa sita yuko kwa meza ya Trizah ananunua omena ya kukaanga, na hata omena hapendi. Anaimeza kama dawa huku anacheka. Trizah alimpendea hapo.

Wa pili alikuwa mama yake, Wakarima wa Kawangware.

Wakarima ana ploti. Hiyo mtajua kabla hamjajua jina lake. Vyumba thelathini na mbili vya mabati, na mabati ni ile ile yetu, inavuja pale pale inavuja yetu, lakini akisema "ploti yangu" unaweza kusimama uimbe wimbo wa taifa. Alikaa kwa ncha ya kiti kama kiti ina upele. Alikuja na maji yake kwa chupa. Aliuliza mara tatu, "Na hapa mnalala wangapi?" na kila mara Mama Seline, mama ya hawa wasichana, akijibu "watatu," Wakarima anazungusha macho kutafuta wale wamefichwa.

"Na hii harufu?"

"Ni omena, mama," Seline akasema.

"Ndani ya nyumba?"

"Nje itanyeshewa."

"Haiya," Wakarima akasema, akakunywa maji yake.

Mazungumzo yakafa. Dedan anaangalia viatu. Trizah anaangalia Dedan. Chai inapoa. Adhis akaona hapa ndipo heshima ya dada yake inafaa kuokolewa, na nani wa kuiokoa kama si yeye? Akasimama, mikono nyuma kama mtu anakariri shairi, na kwa sababu wageni ni wakubwa, akachomoa Kiswahili kile cha chuo, kile kimepigwa pasi.

"Mama Dedan, kuna jambo kumhusu dada yangu ambalo huenda bado hujalifahamu."

Kikombe cha Seline kikasimama hewani.

"Namba ya Trizah ni tasa. Na si tasa ya kawaida! Ukikata, tasa. Ukikata tena, tasa. Tasa mpaka mwisho! Hakuna tasa mkubwa kuliko huyu!"

Akatabasamu, akingoja makofi.

Sasa, kwa vitabu vya Kiswahili, namba isiyogawanyika inaitwa namba tasa. Aliyeipa hilo jina atafutwe aulizwe alikuwa amekosana na nani. Kwa sababu huku kwetu hesabu inasomwa kwa Kizungu tangu utotoni, na hilo neno tasa watu wanalijua kutoka mahali pamoja tu: kanisani, kwa yale mahubiri ya wanawake waliolia miaka na miaka wakiomba mtoto. Wakarima, katika yote yaliyosemwa, alisikia neno moja. Alilisikia mara sita.

"Ngai fafa," akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Dedan. Umesikia?"

"Mathe, nafikiri anaongea mambo ya hesabu—"

"Ni hesabu!" Adhis akaruka. "Mama, ni namba tu, ile ya cheti. Maana yake haigawanyiki! Hakuna kitu inaweza kutoka ndani yake!"

"Hakuna kitu inaweza kutoka ndani yake," Wakarima akarudia, polepole.

"Ila moja!"

"Mtoto mmoja?"

"Hapana, moja haihesabiwi—"

"Adhis," Seline akasema kwa meno, "keti chini kabla sijakukalisha."

Lakini mtungi ulikuwa umepasuka. Wakarima alitaka kuona cheti. Akaishika na vidole viwili, akasoma ile namba akitembeza kucha, kama kweli ataona mahali imegoma.

"Ingekuwa ni namba ya simu, ningenyamaza," akasema. "Simu mtu hubadilisha laini. Lakini hii ni ya kuzaliwa. Mtu anazaliwa, serikali inampa namba, na namba ni tasa. Nyinyi mnaona hiyo ni mchezo?"

"Mama, mimi mwenyewe niko mzima," Trizah akasema.

"Sijasema uko mgonjwa. Nimesema nitauliza." Akasimama, akapangusa sketi mahali kiti ilimgusa. "Jumamosi mlete hii cheti kwangu. Ndugu yangu Ndungu atapiga hesabu, yeye amesoma. Ikigawanyika, tunaendelea na harusi. Ikikataa, mimi sitaki maneno kwa ploti yangu."

Dedan alimfuata. Mlangoni aligeuka akamwangalia Trizah na ile sura yake ya upole, akafungua mdomo, akatafuna, halafu mama akaita, "Dedan!" na akaenda na neno lake mdomoni.

Hiyo wiki, Kisumu Ndogo kulikuwa na baridi ndani ya nyumba moja tu. Seline hakumwongelesha Adhis mpaka Jumatano, na Jumatano alimwambia, "Leta maji." Alhamisi Trizah ndiye alivunja kimya. Walikuwa wanaanika omena juu ya gunia.

"Hiyo namba haigawanyiki kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kidogo? Hata na namba moja ya maana?"

"Trizah, ndio maana inaitwa—"

"Usiliseme."

"Haigawanyiki. Nimekosa, aki. Nilitaka wakuone vile uko."

Trizah akageuza samaki na kiganja, upande huu, upande ule. "Basi Jumamosi itakataa. Na Dedan atakuwa hapo, atasema kitu. Hajawahi kupata nafasi tu, mamake anaongea sana." Halafu akamwelekezea kidole chenye magamba. "Lakini wewe hutasema. Hata wakisema mbili na mbili ni tano."

"Tano?"

"Hata sita. Apa."

Adhis akaapa, na ilimuuma kama jino.

Jumamosi mchana wakaenda Kawangware. Sebule ya Wakarima ina makochi saba, na yote yamevalishwa vitambaa, na vitambaa vimefunikwa na nailoni, kwa hivyo ukikaa unalia kama pakiti ya krisps. Seline alikataa kuja. Alisema ana samaki wa kuangalia, na wale angalau hawaongei.

Anko Ndungu alikuwa ameshakaa kwa meza, miwani kwa ncha ya pua, biki mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Ana duka la chakula ya kuku. Zamani alifundisha hesabu, muhula mmoja na nusu, na sababu ya hiyo nusu haielezwi mbele ya wageni. Mbele yake alikuwa ameweka kalkuleta ya dukani, kubwa kama kipande cha mkate, vibonyezo vimefutika mpaka anabonyeza kwa kumbukumbu.

"Hesabu," akaanza, "ni kitu inataka utulivu. Vijana wa siku hizi wanafundishwa haraka haraka." Akamwangalia Adhis juu ya miwani. "Wewe ndiye ulisema haigawanyiki?"

Adhis akaangalia Trizah. Akachukua mandazi kwa sahani, akaipakia yote mdomoni, akatikisa kichwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana.

"Aha. Sasa tuone. Nisomeeni."

Dedan akasoma, sauti chini: "Saba tatu, tisa tatu, tisa moja, tatu tatu."

Kalkuleta ilijaa. Tarakimu nane, nafasi nane, hakuna mahali hata pa kuweka nukta.

"Tuanze na saba. Saba ni namba ya baraka." Akabonyeza. Kioo kikaandika 10562733. Ndungu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kuna pointi hapo? Mnaona pointi?"

"Sioni pointi," Wakarima akasema.

"Hakuna pointi. Imegawanyika!"

Adhis aliona mara moja. Ingekuwa na pointi, nukta mbili nane na zinaendelea, lakini hiyo mashine ya kuku inaonyesha tarakimu nane tu. Jibu lenyewe lilikuwa limejaza nyumba yote na pointi ikabaki nje kama mpangaji hana ufunguo. Akatafuna kwa nguvu.

"Tatu!" Ndungu akasema. 24646377. "Imegawanyika! Tano!" 14787826. "Imegawanyika!" Sasa alikuwa amesimama. "Hata mbili! Tazama, hata na mbili!" 36969566.

Namba imeishia na tatu, mzee mzima anaigawa na mbili na anashangilia. Mtoto wa darasa la pili angetupa kitabu chini akacheka. Adhis machozi yalikuwa yanamtoka, na mandazi ilikuwa imekwama njia panda, haipandi haishuki. Lakini alinyamaza. Mjue hiyo. Aliona kabisa kwamba uongo wa Ndungu umebeba harusi ya Trizah kwa kichwa, na kwamba yeye Adhis, aliyeivunja na mdomo, sasa angeiponya kwa kuufunga tu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na habari na hakutaka kuitoa. Akachukua mandazi ya pili.

"Mbili, tatu, tano, saba," Wakarima alikuwa anahesabu na vidole. "Wanne! Wanne inatosha, hata mimi ni wanne nilizaa. Asante Mungu." Akainuka, akamkumbatia Trizah kwa mara ya kwanza, nailoni ya kochi ikilia chini ya Trizah. "Msichana wangu, umepona."

Trizah hakuinua mikono.

"Nimepona nini, mama?"

"Ile maneno. Imeisha. Tumekuchukua."

"Na isingegawanyika?"

"Si imegawanyika?"

Trizah akamzunguka Wakarima, akasimama mbele ya Dedan. Alikuwa amevaa ile blauzi ya kijani Dedan alisema inamkaa. "Dedan. Nakuuliza wewe. Na isingegawanyika?"

Hapo ndipo nafasi ilikuwa, pana, hakuna mtu anaongea. Dedan akatafuna. Akaangalia mama. Akaangalia kalkuleta, jamani, akaangalia kalkuleta.

"Trizah, si tushukuru tu imegawanyika?"

Adhis anasema aliona kitu kikizimika kwa uso wa Trizah, polepole, kama koroboi imeishiwa mafuta. Halafu Trizah akageukia meza.

"Anko, mimi sijasoma. Lakini kwetu ukishagawa omena kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, unarudisha zote kwa gunia uone kama inajaa. Isipojaa, kuna mtu ametuibia. Rudisha hiyo namba."

"Kurudisha namna gani?"

"Chukua jibu lako, zidisha na saba."

"Hakuna haja ya—"

"Rudisha."

Ndungu akabonyeza, kwa sababu hakuwa na pa kujificha. 73939131.

"Soma mwisho," Trizah akasema.

"Tatu... moja."

"Cheti yangu inasema tatu tatu. Wawili wameenda wapi?"

"Hiyo ni betri," Ndungu akasema. "Betri ikiisha huwa—"

"Inatumia jua, Anko," Dedan akasema, fundi wa stima. Hiyo ndiyo alipata kusema siku hiyo bila kutafuna.

Trizah hakumwangalia. "Adhis, meza hiyo mandazi. Sema."

"Uliniapisha."

"Nimekufungua."

Adhis akameza, na ikatoka yote kwa pumzi moja: mashine inakata pointi, haigawanyiki na saba, wala tatu, wala tano, na mbili msiniulize tafadhali, mimi nina heshima zangu, haigawanyiki na namba yoyote mnaijua na zile hamzijui, na hakuna mahali popote hiyo inahusu tumbo la mtu, ni jina tu, jina baya, hata mtoto wa shule ukimwita Ndungu hawi mjinga.

"Heh!" Ndungu akasema.

"Kwa hivyo ni tasa," Wakarima akasema, akarudi kwa kochi, mkono kifuani. "Nilisema. Si nilisema?"

"Ulisema, mama." Trizah alikuwa anakunja cheti, mara mbili, mara nne, kwa nailoni yake. "Umegawa na saba ukabaki na wawili, na hao wawili hamkuwaona, maanake mashine yenu haina nafasi. Hao wawili ndio sisi. Adhis, twende."

Dedan aliwafuata mpaka kwa geti.

"Trizah, ngoja. Huyo ni mathe tu. Si unajua vile yuko?"

"Yeye nilijua vile yuko tangu Jumapili. Nilikuja kujua vile wewe uko."

Ndani mtu akaita, "Dedan!" Na ilaaniwe hiyo shingo yake: iligeuka. Iligeuka kabla mwenyewe hajaamua. Iliporudi mbele, Trizah alikuwa ameshavuka barabara.

Walitembea. Mpaka Ngong Road Trizah hakusema kitu, na Adhis hakusema kitu, na kwa Adhis hiyo ni safari ndefu. Trizah alilia kidogo pale kwa miti, akapangusa na mkono wa blauzi ya kijani, akasema itabidi aiuze. Walipofika Ayany, mbele ya ile fotokopi, akasimama.

"Hebu niambie tena, vile inakatwa."

"Haukuwa unasikiza?"

"Nilikuwa na samaki. Niambie sasa."

Adhis akachuchumaa, akaiandika kwa vumbi na kijiti, tarakimu kubwa kubwa. Akafuta ya mwisho na kidole: haigawanyiki. Akafuta ingine: haigawanyiki. Mwenye fotokopi akatoka kuona ni nini. Akafuta, akafuta, mpaka saba ikabaki peke yake, imesimama kwa vumbi kama mtu anangoja mtu.

"Na hapo?"

"Hapo pia."

Trizah akachuchumaa karibu nayo. "Na ni kubwa kuliko zote?"

"Za tabia hiyo, ndiyo. Baada yako hakuna."

"Miaka yote hii iko kwa nailoni." Akacheka, pua bado imeziba. "Sawa. Enda uwaambie watu basi, naona unapasuka. Lakini Adhis, usitumie hilo neno. Sema tu haigawanyiki. Adhis? Umesikia?"

Lakini Adhis alikuwa ameshavuka mtaro, anakimbia kuelekea Gatwekera, na kwa duka la kwanza tayari alikuwa amesimama, mikono nyuma.